Uzamili wa kompyuta: kozi tupu, mradi au tasnifu?

AfisaTehama, Moshi (Jumanne, saa 3:10 usiku)

Ndugu zangu, habari za jioni. Naomba mwongozo wenu katika jambo ambalo limeninyima utulivu kwa wiki mbili sasa. Mimi ni afisa wa TEHAMA katika SACCOS moja ya hapa Moshi mjini, na tangu mwaka jana nasoma shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta Arusha, kwa utaratibu wa jioni na mwisho wa wiki. Mihula miwili ya masomo ya darasani nimeimaliza salama. Sasa idara imetutaka kila mmoja ajaze fomu ya kuchagua namna ya kumalizia shahada: kusoma kozi nyingine na kufanya mitihani yake, kufanya mradi wa kujenga mfumo na kuuandikia ripoti, au kuandika tasnifu ya utafiti na kuitetea mbele ya jopo. Fomu inarudishwa mwisho wa mwezi.

Hali yangu ni hii. Naingia kazini saa 2 asubuhi na kutoka saa 11 jioni, nina watoto wawili wadogo, na safari ya Moshi hadi Arusha, kilometa zipatazo 80, naifanya mara tatu kwa wiki kwa Coaster, ambamo nimejifunza kusoma nikiwa nimesimama. Nina mawazo mawili. La kwanza naona linafaa tasnifu: kutumia ujifunzaji wa mashine, yaani kompyuta ijifunze kutokana na kumbukumbu za nyuma, ili kutabiri ni mwanachama yupi atashindwa kurejesha mkopo. La pili naona linafaa mradi: programu ya simu itakayomwezesha afisa mikopo aliyeko Marangu au Kibosho kuandika marejesho hata mahali pasipo na mtandao, kisha kumbukumbu hizo ziingie katika hifadhidata yetu atakaporudi mjini.

Nakiri kwamba kuandika programu nakumudu kuliko kuandika kurasa. Wenzangu wengi darasani wanaelekea kwenye kozi tupu kwa sababu huko hakuna msimamizi wa kumsubiri, na mmoja wao ameniambia kuwa mradi ni tasnifu ya wavivu. Kuhusu uzamivu bado sijaamua, ila wazo lenyewe sijalifuta. Kwa aliyewahi kupita mojawapo ya njia hizi, ni kitu gani hasa nipime kabla ya kujaza fomu?

---

MzeeWaBoma (Jumanne, saa 4:02 usiku)

Kijana wangu, andika tasnifu, usijiulize mara mbili. Shahada ya uzamili isiyo na tasnifu ni nyumba isiyo na paa. Utaishi ndani yake, lakini mvua ikinyesha utajua. Sisi tulioajiri watu kwa miaka mingi tunaangalia nani aliweza kukaa na swali moja mwaka mzima bila kulikimbia.

---

FundiNjiro (Jumatano, saa 12:40 asubuhi)

Kaka, mimi nilipita njia ya mradi hapa hapa Arusha, na kwa heshima zote kwa mzee aliyetangulia, naomba niondoe kwanza hiyo kauli ya uvivu, maana iliniponza mimi mwenyewe. Nilichagua mradi nikiamini kwamba nitaandika programu kwa miezi minne, kisha niongeze kurasa chache za maelezo. Ripoti yangu ilifika kurasa 92, na sura iliyonitesa ilikuwa ile ya tathmini. Mtahini aliniuliza swali moja tu: nimejuaje kwamba mfumo huu ni bora kuliko daftari walilokuwa wakilitumia? Nilikuwa na picha za skrini zaidi ya thelathini, na sikuwa na jibu. Nilirudishwa kwa miezi mitatu kwenda kupima jambo ambalo ningelipima kabla sijaandika hata mstari mmoja wa msimbo.

Kwa hiyo ukichagua mradi, anza na saa mkononi. Kaa na afisa mikopo, hesabu anatumia dakika ngapi kuingiza marejesho ya siku moja ya kijiji kimoja, na katika kila stakabadhi mia ni ngapi zenye makosa. Baada ya kujenga, pima tena kwa watu wale wale na kazi ile ile. Kwa upande wa urahisi wa matumizi kipo kipimo cha SUS, kilichobuniwa na John Brooke mwaka 1986, chenye sentensi 10 ambazo mtumiaji huzipa alama ya kukubali au kukataa, na jumla yake hugeuzwa kuwa kati ya 0 na 100. Alama zipatazo 68 huhesabiwa kuwa za wastani. Angalizo: zile si asilimia, na watahini hupenda kumshika mtu hapo.

Jambo la pili ni kina cha kazi. Mfumo wa kuingiza kumbukumbu, kuzisoma, kuzibadili na kuzifuta ni kazi ya shahada ya kwanza, hata ukiupaka rangi nzuri kiasi gani. Wazo lako lina kina, ila hukukitaja. Kimo katika yale maneno "pasipo na mtandao". Fikiri kwamba mama mmoja wa Marangu amemlipa afisa wako shilingi 50,000 mkononi saa 4 asubuhi, na simu ya afisa haina mtandao. Saa 6 mchana mwanawe aliyeko Dar es Salaam, asiyejua kwamba mama amelipa, anatuma 50,000 nyingine kwa simu, na karani wa mjini anaiingiza. Jioni simu ya afisa inapata mtandao. Je, mfumo utajuaje kwamba hayo ni malipo mawili, na si moja lililoandikwa mara mbili? Na mtandao ukikatika katikati ya kutuma, simu ikatuma tena, utajuaje kwamba safari hii ni lile lile moja? Kama programu yako inahifadhi salio na kuliandika upya kila mara, anayechelewa kufika atafuta kazi ya aliyemtangulia. Kama inahifadhi kila muamala peke yake, ukiwa na namba yake ya pekee iliyotolewa na simu tangu muamala ulipoandikwa, utaweza kupokea ujumbe ule ule mara tano na ukauhesabu mara moja. Hapo ndipo ripoti yako itakapokuwa ya uzamili.

La tatu nalitaja haraka kwa kuwa bado linaniuma. Meneja aliyenisainia barua ya kunipokea alihamishwa katikati ya mradi, na aliyemfuata hakutaka wafanyakazi wake "wachezewe". Barua yako isainiwe na bodi, isitegemee mtu mmoja. Vilevile, Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina mfumo wake wa kusimamia vyama vya ushirika, MUVU. Uwe umekwisha kuuelewa na kuonyesha programu yako inaingilia wapi, kwa maana hilo litakuwa swali la kwanza la mtu yeyote anayeujua ushirika.

---

MwalimuTengeru (Jumatano, saa 2:25 usiku)

Nimefundisha na kusimamia wanafunzi wa uzamili kwa muda, basi naomba niongeze machache, nikianza na hesabu, kwa sababu wengi huchagua kwa hofu au kwa sifa na hawapigi hesabu.

Katika mfumo wa sifa unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, shahada ya uzamili iko ngazi ya 9 na inadai krediti zisizopungua 180, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, za darasani na za nje ya darasa. Fungua mwongozo wa programu yako uone tasnifu imepewa krediti ngapi na mradi umepewa ngapi. Tuseme tasnifu ni krediti 60: hizo ni saa 600. Mtu mwenye kazi kama yako, watoto wawili na safari hiyo, akijitahidi sana atapata saa 12 kwa wiki. Gawanya, utapata wiki 50, bila kuugua, bila msiba, na bila ile miezi ambayo SACCOS hufunga mahesabu ya mwaka. Mradi wa krediti 40 kwa hesabu hiyo hiyo ni wiki 33 na kidogo. Kozi nazo zina saa zake, isipokuwa zimepangiwa ratiba na mtu mwingine, na kwa mwajiriwa hilo si jambo dogo.

Sasa wazo lako la tasnifu. Utabiri wa mikopo huletwa kwangu karibu kila mwaka, na mara nyingi hukwama kwenye data kabla ya kufika kwenye algoriti. Tuseme SACCOS yako ina kumbukumbu kamili za wakopaji 1,200, na walioshindwa kulipa ni 70. Modeli isiyojua chochote, inayosema kwamba kila mtu atalipa, itakuwa sahihi kwa asilimia 94. Mwanafunzi anayesimama kwenye utetezi akijivunia usahihi wa asilimia 93 ameshindwa na modeli isiyofikiri, na nimemwona mwanafunzi wa namna hiyo akipongezwa na jopo zima mpaka mtahini wa nje alipofungua kinywa. Kinachotakiwa kuelezwa ni kati ya wale 70 umewanasa wangapi, na katika kuwanasa umewatuhumu wangapi wasiostahili. Tena kuna tatizo lililo chini zaidi: waliokataliwa mkopo hawamo kabisa katika data yako, hivyo modeli inajifunza tabia za watu ambao kamati ya mikopo ilikwisha kuwachuja. Ukiligeuza hilo kuwa ndilo swali lako, una tasnifu nzuri. Ukilificha, watahini watakufichulia.

Upo pia upande wa sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kuwa na nywila ya hifadhidata kwa sababu ya kazi yako hakukupi ruhusa ya kuitumia data hiyo kwa masomo yako. Utahitaji kibali cha maandishi cha chama chenyewe, na cha kamati ya maadili ya utafiti ya chuo, na kusubiri vibali kunakula wiki katika zile 50. Wala usidhani kuondoa majina kunatosha. Ukiandika kwamba mkopaji ni mwalimu wa kike wa Uru mwenye umri wa miaka 58 na mkopo wa milioni 8, Uru nzima itamjua.

Kuhusu uzamivu, programu nyingi hutaka mwombaji awe amefanya utafiti katika uzamili. Aliyefanya tasnifu huiambatisha. Aliyefanya mradi wenye tathmini ya kweli huweza kujieleza, hasa akitoa makala kutokana nao. Aliyesoma kozi tupu hutakiwa mara nyingi kufanya kazi ya ziada kwanza. Jirani zetu wa mbali nao wana mpango unaofanana: nchini Uingereza uzamili wa kufundishwa kwa kawaida ni krediti 180, kozi 120 na tasnifu 60, na anayeishia kwenye zile 120 huondoka na stashahada ya uzamili. Na kama kuna siku utataka kufundisha chuo kikuu cha umma hapa nchini, nafasi ya mhadhiri msaidizi huombwa kwa GPA (wastani wa alama) ya uzamili isiyopungua 4.0. Basi uliza idarani jambo ambalo wanafunzi hawaliulizi: je, alama ya tasnifu inaingia katika GPA, au ni ya kufaulu na kufeli tu? Taratibu za vyuo hazifanani, na jibu linaweza kubadilisha uamuzi wako wote.

Mzee wa Boma, nimeufurahia mfano wa paa. Ila nimesoma tasnifu ambazo paa lake lilikuwa la kuazima, na nimesoma ripoti za mradi zilizomfundisha mtahini.

---

DadaKijenge (Alhamisi, saa 7:15 mchana)

Mwalimu, shikamoo. Naomba niitetee njia ya kozi, kwa kuwa naona imekosa wakili.

Mimi nilisoma uzamili kwa mtandao kupitia chuo cha nje, kozi tupu, nikiwa mwajiriwa wa kampuni ya utalii hapa Arusha, na sijutii. Si njia ya pembeni. Programu ya uzamili wa kompyuta ya chuo kikuu cha Georgia Tech, Marekani, ya kusoma kwa mtandao, iliyoanza mwaka 2014, ina krediti 30 za kwao, zisizolingana na zetu, na kawaida mtu huhitimu kwa kozi 10 bila tasnifu. Kozi ya mifumo endeshi ilinifundisha kusoma msimbo wa watu wengine, ile ya usalama wa mitandao ndiyo inayonipa mkate leo, na hakuna tasnifu ambayo ingenipa vyote viwili. Mtu ambaye shahada yake ya kwanza ilimwacha na mapengo hufaidika zaidi kwa kuyaziba kuliko kwa kuchimba shimo moja refu. Kaka, jiulize kwa unyoofu kama somo la takwimu unalijua vya kutosha kwa ajili ya hiyo ya utabiri. Kama hulijui, kozi mbili za takwimu zitakufaa kuliko mwaka wa kukisia.

Nilichokikosa nitakisema pia. Katika darasa kubwa la mtandaoni hakuna mwalimu anayekufahamu kiasi cha kukuandikia barua ya kukutambulisha, na nilipofikiria uzamivu nililazimika kuwageukia mabosi wangu. Isitoshe, kwenye usaili wananiuliza nimejenga nini, na kazi za nyumbani za kozi sikuruhusiwa kuzionyesha hadharani. Ukichagua kozi, jenga kitu chako nje ya darasa.

---

AfisaTehama, Moshi (Ijumaa, saa 4:30 usiku)

Mwalimu, shikamoo, na shukrani kwenu nyote. Dada, swali lako la takwimu limenigusa, kwa sababu jibu la unyoofu ni kwamba somo hilo silijui vya kutosha. Leo nimeuliza idarani kuhusu alama ya tasnifu, nikaambiwa ni kufaulu au kufeli, haiingii katika GPA, wakati ya mradi inaingia. Hilo sikulijua, wala wenzangu hawakulijua.

Naomba niulize moja tu zaidi. Nimezungumza na wasimamizi wawili ambao wako tayari kunipokea kwa njia yoyote nitakayochagua. Mmoja ni profesa mwenye jina kubwa, ambaye kwa sasa ana wanafunzi 14. Mwingine ni mhadhiri kijana aliyerudi kutoka masomoni mwaka juzi, ana wanafunzi wawili. Wenzangu wote wananiambia nimchukue profesa.

---

MwalimuTengeru (Jumamosi, saa 1:05 asubuhi)

Marahaba. Mwulize kila mmoja maswali haya bila woga, kwa adabu: kati ya wanafunzi wake wa mwisho watano, wangapi wamehitimu na kwa muda gani, ukimpa sura moja ataisoma ndani ya wiki ngapi, na kama anaweza kukuonyesha kazi ya mwisho aliyoisimamia. Isome hiyo kazi, hasa tathmini yake. Jina la msimamizi linaandikwa kwenye ukurasa wa kwanza, lakini maoni yake unayahitaji kwenye kila ukurasa unaofuata, na mtu mwenye wanafunzi 14 ana kurasa nyingi za watu. Inawezekana pia kuwaomba wote wawili, kijana awe msimamizi mkuu na profesa awe wa pili, kama utaratibu wa chuo unaruhusu.

---

AfisaTehama, Moshi (Jumanne iliyofuata, saa 3:45 usiku)

Narudi kuwapa taarifa. Jana nilimwomba meneja ruhusa ya kuhesabu kumbukumbu tu, bila kufungua taarifa za mtu. Mikopo iliyomo katika mfumo ni ya kuanzia mwaka 2021, jumla 468, na iliyoshindikana ni 31. Ya miaka ya nyuma imo katika madaftari, stoo, na baadhi ya madaftari yamelowa. Kwa hesabu ya mwalimu, anayesema kila mtu atalipa atakuwa sahihi kwa asilimia 93, nami sina uwezo wa kumshinda kwa watu 31.

Jumamosi nilikwenda na afisa mikopo Kibosho nikiwa na saa, kama Fundi alivyoelekeza. Stakabadhi zilikuwa 57. Aliporudi ofisini alitumia dakika 140 kuziingiza, na nilipolinganisha nilikuta nne zina makosa, mojawapo ikiwa ni sifuri moja iliyozidi. Afisa mwenyewe alishtuka kuliko mimi.

Kwa hiyo nimejaza mradi. Barua imesainiwa na mwenyekiti wa bodi pamoja na meneja, na mhadhiri kijana amekubali. Alipoisoma ile habari ya mama wa Marangu na mwanawe, akaniuliza ni mara ngapi jambo hilo linatokea kwetu kwa mwezi. Nikamjibu kwamba hakuna anayejua, kwa sababu hakuna aliyewahi kuhesabu. Akaniambia nianze na hilo, na kwamba huenda humo mna makala.

---

FundiNjiro (Jumanne, saa 4:20 usiku)

Hongera, kaka. Zile dakika 140 ziandikie tarehe, saa ya kuanza na saa ya kumaliza, kisha afisa mikopo asaini chini. Mimi yangu niliiandika nyuma ya tiketi ya basi, na mtahini aliomba kuiona.